Difu Haifungwi kwa Haraka

Gari la mtumba likishashushwa bandarini Dar es Salaam linaweza kuzunguka mjini mwaka mzima na kila mtu akalisifu. Kitonga ndiko linakosema kweli. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na Mahenge, barabara kuu ya Zambia inajikunja ukingoni mwa korongo na kuanza kupanda, kona juu ya kona, malori yamepangana mbele yako kwa mwendo wa mguu na pa kupitia hakuna. Giaboksi iliyochoka huanza kusita hapo. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halivuti. Ukitokea Ilula, harufu ya kuungua imeshaingia ndani. Na safari bado ni mbichi, maana kutoka Iringa hadi Mbeya kuna kilomita kama 330 za kupanda na kushuka, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, hadi mji ulioko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Milima hii imezaa mafundi wake. Nimewatazama wa Mwanjelwa na Soweto kule Mbeya, na wa Ipogolo kule Iringa, ambako barabara kuu inapita chini ya mji kando ya Ruaha Mdogo. Nazungumzia mafundi wa giaboksi na difu, wale ambao mafundi wenzao huwapelekea gari wanaposhindwa. Wengi wanafanya kazi chini ya bati, sakafu ni udongo uliokolea oili. Ila ukiwaona wakifunga difu utasimama kimya kama nilivyosimama mimi, kwa heshima.

Kwanza tuone kwa nini vilima vinaua magari haya. Kwenye gari la otomatiki, injini na giaboksi havishikani kwa pleti kama kwenye gari la klachi. Nguvu inapita ndani ya mafuta, yale mekundu tunayoyaita haidroliki. Pangaboi moja inayarusha, nyingine inayapokea. Gari likienda kasi kwenye tambarare, pangaboi hizo zinazunguka karibu sawasawa. Likipanda taratibu na mzigo, moja inazunguka sana na nyingine kidogo, na sehemu kubwa ya nguvu inayopotea katikati inageuka joto. Joto likizidi, haidroliki inapoteza sifa yake, pleti za ndani zinaanza kuteleza, na zikiteleza zinaongeza joto jingine. Gari ambalo haidroliki yake haijabadilishwa tangu litoke Japani linaupanda Kitonga kwa bahati tu.

Magari yenyewe tunayajua: RAV4, X-Trail, Forester, Escudo, Prado, na kwa watu wa porini Land Cruiser tuliyoipa jina la mkonga. Mengi yanasukuma kwa magurudumu yote manne. Maana yake ni kwamba chini ya tumbo la gari kuna difu ya mbele na ya nyuma, baadhi yana nyingine katikati, kuna propela, kuna transfa, na kila kimoja kina beringi zake, sili zake na oili yake. Mnunuzi anaangalia rangi, redio na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Hayo ya chini hayaoni mpaka yaanze kudai, na yakidai yanadai mamilioni.

Fundi ninayemsifu hafungui kitu siku ya kwanza. Anapanda gari.

Mzee mmoja wa Mwanjelwa, vijana wake wanamwita Mwalimu, ana desturi ya kukaa kiti cha nyuma na kumwacha mwenye gari aendeshe. Wanashika barabara ya Iwambi, redio imezimwa, vioo vimefungwa. Anachofanya nyuma kule ni kusikiliza difu ikiwa na mzigo na ikiwa haina. Mlio mwembamba unaotoka gari linapovuta, ukanyamaza ukiachia mafuta, ni meno ya krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, kugusana upande mmoja vibaya. Ukitoka unapoachia mafuta tu, tatizo liko upande wa pili wa jino, au pinioni imelegea. Mngurumo unaobaki palepale uvute au uachie ni beringi. Gari likikata kona na kutoa ta-ta-ta magurudumu ya mbele, hiyo ni sivijointi, wala difu haihusiki. Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kupotea ukiupita, tazama kroshi za propela. Na kile kishindo kimoja, "kdo!", unaposimama kwenye taa au unapoanza kuondoka, hicho kina hadithi yake.

Alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na Prado yake kuukuu. Gari lilikuwa linagonga hivyo kila likisimama, na gereji mbili zilishamwambia giaboksi imekwisha, atafute nyingine Dar. Alikuwa ameshaanza kuuliza mkopo kwenye SACCOS.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari linasumbua nini?"

"Giaboksi, mzee. Wenzako wameniambia imekufa."

"Tusiizike kwanza. Hebu tukazunguke kidogo."

Waliporudi, mzee alilala chini ya gari, akaishika propela ya nyuma kwa mikono miwili na kuitikisa. Kisha akamwita kijana alete pampu ya grisi. Propela ya Prado ina sehemu inayoingia na kutoka kadiri mhimili wa nyuma unavyopanda na kushuka, na meno ya sehemu hiyo yakikauka, gari likisimama yanakwama, halafu yanaachia kwa kishindo. Ipo nipo ya grisi mahali hapo. Kwa jinsi ilivyogandamana na tope, ilionekana haijaguswa kwa miaka. Mzee akaisafisha kwa waya, akaibadilisha maana ilikuwa imeziba, akapiga grisi polepole huku akiangalia isizidi, kwa sababu grisi ikijaa kupita kiasi propela haina pa kurudi. Wakatoka tena barabarani. Kishindo kikawa hakipo.

Mama yule alilipa bei ya grisi, nipo na kazi ya asubuhi moja. Nasimulia kisa hiki kwa sababu sehemu kubwa ya gharama tunazolia nazo inatoka kwenye utambuzi uliofanywa kwa pupa. Giaboksi nzima inatolewa, inawekwa nyingine ya mtumba ambayo nayo hakuna anayejua ilikotoka, na kishindo kinabaki palepale.

Yako mengine ya namna hiyo. RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye kusukuma kwa magurudumu manne zina difu ya katikati na kifaa chenye mafuta mazito kinachozuia magurudumu ya mbele na nyuma yasipishane sana. Ukifunga tairi mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizolika nyuma, kifaa hicho kinafanya kazi bila kupumzika, kinachemka, mwisho kinaganda. Fundi wa Ipogolo akilishuku gari la hivyo hachukui spana. Anakata usukani mpaka mwisho, anazungusha gari duara dogo uwanjani kwa mwendo wa kobe. Likijishika kana kwamba breki imekanyagwa, jibu limepatikana. Prado nayo ina kufuli ya difu ya katikati, na wapo madereva wanaoifunga kwenye tope wakasahau kuifungua wakirudi kwenye lami, na gari likajishika vilevile.

X-Trail ya kizazi cha pili, ile iliyoanza 2007, nyingi zinatumia giaboksi ya mkanda, CVT, ambayo mafuta yake ni ya aina yake peke yake. Ukimimina haidroliki ya kawaida kwa sababu duka la jirani halina nyingine, umeiua kwa mkono wako. Na kuna magari ambayo giaboksi ni nzima kabisa ila kompyuta inayoiamuru ndiyo mgonjwa. Huko Marekani RAV4 za 2001 hadi 2003 zilijulikana kwa hilo. Gia zilikuwa zinaingia kwa mshtuko, wenye magari wakadhani giaboksi, kumbe ni kompyuta ya injini. Kwa hiyo fundi wa leo anahitaji pia mtu wa mashine ya kupimia, na wazee wenye busara hawaoni aibu kumwita kijana mwenye mashine hiyo kabla ya kushusha chochote.

Lakini kazi inayonivuta kuliko zote ni difu inayofunguliwa kweli.

Gari lilitoka Mbarali msimu wa mvua. Bonde la Usangu linajaa maji, madereva wa mpunga wanavuka vijito vilivyofura bila kufikiri. Difu iliyochemka ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kuna kitundu cha kupumulia juu ya mhimili, na kama kimezibwa na tope, difu inavuta kupitia kwenye sili, na kinachoingia ni maji. Mzee wa Mwanjelwa alipofungua plagi ya chini, oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya maziwa na povu. Akaichovya kidole, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha. Vichembe vya chuma vilikuwa vinang'aa. Beringi ya pinioni ilikuwa imeanza kumenyuka.

Kabla ya kufungua vishikio vya beringi za pembeni alivigonga alama kwa ncha ya chuma, nukta moja kushoto, nukta mbili kulia, maana vishikio hivyo vilichongwa kiwandani vikiwa mahali pake na havibadilishani. Krauni na pinioni akavifunga pamoja kwa waya, akaviosha kwa dizeli. Vyuma hivi viwili vilisagwa pamoja tangu vinatengenezwa, vina ndoa. Ukichukua krauni ya gari hili na pinioni ya lile, hata kama idadi ya meno ni ileile, difu italia mpaka siku utakapoitupa.

Halafu ikaanza kazi ya shimu. Shimu ni pete nyembamba ya chuma inayokaa nyuma ya beringi ya pinioni na kuamua pinioni iingie kiasi gani kuelekea krauni. Unene wake unatofautiana kwa sehemu za mia za milimita. Kila ukibadilisha shimu inabidi beringi itolewe kwa presi, na kuitoa mara nyingi ni kuiharibu. Mzee ana dawa yake. Ana beringi kuukuu ambazo tundu la ndani amelisaga kidogo sana, kiasi kwamba zinaingia na kutoka kwa mkono. Anazifunga hizo kwa majaribio, anapata shimu sahihi, ndipo anapiga beringi mpya mara moja tu. Beringi hizo za majaribio amezifunga kwenye kitambaa chenye oili ndani ya kopo, na kijana haruhusiwi kulishika kopo hilo bila ruhusa.

Krauni ikiwekwa, inapimwa pleyi yake na pinioni, yaani nafasi iliyopo kati ya meno. Kwa difu nyingi za Toyota za magari haya kipimo ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1, basi piga picha mwenyewe. Mzee anafunga saa ya kupimia yenye mshale, anazuia pinioni isicheze, anatikisa krauni kwa ncha za vidole na kusoma. Anageuza robo, anasoma tena. Anageuza tena, anasoma tena. Namba zikipishana sana kutoka jino hadi jino, krauni haikukaa sawa au imepinda, na hapo anafungua na kuangalia kama kuna uchafu chini yake. Niliona akikuta chembe ya mchanga ambayo mimi nisingeiona hata kwa miwani.

Kisha rangi. Anachanganya rangi nzito na oili kidogo, anapaka meno machache ya krauni kwa brashi ya kunyolea ndevu. Kijana anaibana krauni kwa kipande cha ubao ili izunguke kwa uzito, mzee anazungusha pinioni mbele na nyuma. Pale meno yanapogusana, rangi inakimbia na kuacha alama. Alama ikikaa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali mno, inahitaji shimu nene zaidi. Ikikaa chini kwenye shina, pinioni imezama mno, shimu nyembamba. Inayotakiwa ni alama ya katikati, isiyogusa ukingo wowote, upande wa kuvuta na upande wa kuachia vilevile. Mzee aliitazama ya kwanza akatikisa kichwa. Akafungua. Akabadilisha shimu, akafunga, akapima pleyi upya kwa sababu ukigusa kimoja umegusa chote, akapaka tena. Mwenye gari alikuja mchana akauliza kama bado. Bado. Alikuja jioni. Bado. Taa ikawashwa.

Ilipofika alama ya katikati, mzee hakusema kitu, alimwita kijana aje aione kwanza.

Kilichobaki ni kukaza pinioni, na hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoanguka. Kati ya beringi mbili za pinioni kuna kola ya chuma laini inayobonyea kadiri nati inavyokazwa. Kola hiyo inafungwa mwisho kabisa, shimu ikishapatikana. Inabonyea mara moja tu, hairudi. Ukikaza kidogo, pinioni ina mchezo na difu itanguruma. Ukipitiliza hata kidogo, beringi zinabanwa na kuungua, na huwezi kulegeza nati ukasema yameisha. Lazima utoe kola na kuweka mpya. Kwa hiyo mzee anakaza kwa kipande kifupi cha mzunguko, anasimama, anaizungusha pinioni kwa mkono kusikia uzito wake, anaipima kwa mizani ya kamba, anakaza tena kidogo mno. Kwa mikono yenye sugu kama yake, wepesi ule ni jambo la kustaajabisha.

Wengi wanapendekeza njia fupi: nunua difu nzima ya mtumba. Zinapatikana Ilala na Gerezani kule Dar, zinapanda basi jioni na kesho yake unazipokea stendi ya Nane Nane, Mbeya. Si njia mbaya, ila ina mtego mmoja unaokula watu. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 inatoa uwiano wa 4.10. Krauni ya 43 na pinioni ya 11 inatoa 3.9. Kwa nje difu hizo ni mapacha. Ukifunga ya nyuma ya 3.9 huku ya mbele ni 4.10, kwenye gari linalosukuma kote, mbele na nyuma vinavutana kila ukienda, na transfa ndiyo inayolipa. Fundi mwangalifu anasoma kibati cha gari ndani ya boneti, halafu hakiamini. Anachora chaki kwenye magurudumu na kwenye propela, anazungusha na kuhesabu.

Ujuzi huu umepitia mikono mingi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, imetoa vijana wengi, na pale Iyunga kipo chuo kilichoanza 1986 kama Mbeya Technical College na sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ila wazee wengi niliozungumza nao walianzia kwenye Land Rover 110, wakiwa saidia fundi, wakishika tochi na kuosha vyuma kwa miaka kabla ya kuaminiwa spana. Gari lile lilisukuma kwa magurudumu manne muda wote, na meno ya shafti yake inayoingia kwenye transfa yalijulikana kwa kulika, kwa hiyo aliyekulia chini yake alijua kusikia mchezo wa vyuma kabla hajajua kusoma kitabu chake. Nao wakerezaji wa Mwanjelwa, wenye mashine zao karibu na SIDO, wamezoea kuletewa kipande kilicholika na kuambiwa tu, "Nitengenezee kama hiki kilivyokuwa."

Siwapambi. Wapo mafundi wabovu katika miji hii kama kwingine, wapo wanaobadilisha spea nzima kwa feki. Lakini ukimpata wa kweli utamjua kwa maswali yake. Atauliza mlio unatokea gari likiwa baridi au moto, ukivuta au ukiachia, tairi umebadilisha lini, umevuka maji wapi. Asiyeuliza anakisia.

Ombi langu ni kwako mwenye gari. Unaponunua la mtumba, nenda na fundi wa namna hii kabla hujalipa, mwache akae kiti cha nyuma. Badilisha haidroliki, oili ya difu na ya transfa mara gari likifika, na uulize aina inayotakiwa. Safisha vile vitundu vya kupumulia kabla ya msimu wa mvua. Kazi ya fundi ikichukua siku mbili usimsimamie mlangoni. Na tuache tabia yetu ya kulipia spea tu na kuona kusikiliza kwake ni bure. Akikuambia gari lako halina ubaya, na hajafungua hata bolti moja, mlipe.